Kutoka asilimia 33 hadi 4: kwa nini takwimu za ukosefu wa ajira haziishi kugombaniwa

Mwishoni mwa mwaka 2020, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Nigeria ilihesabu kiwango cha ukosefu wa ajira kuwa asilimia 33.3. Yaani katika kila watu watatu waliokuwa kwenye soko la ajira, mmoja hakuwa na kazi. Ofisi hiyo ikakaa zaidi ya miaka miwili bila kutoa takwimu nyingine za aina hiyo, kisha Agosti 2023 ikaibuka na mpya: katika robo ya kwanza ya mwaka huo, kiwango kilikuwa asilimia 4.1.

Hakuna uchumi duniani unaopona kwa kasi hiyo. Kilichofanyika ni kwamba swali lilibadilishwa. Hesabu ya zamani ya Nigeria ilimtaka mtu awe amefanya kazi angalau saa 20 kwa wiki. Chini ya hapo aliwekwa kwenye kapu la wasio na ajira. Hesabu mpya inamtaka awe amefanya saa moja. Mtu aliyebebea watu mizigo asubuhi moja, akalipwa, kisha akashinda nyumbani siku zilizobaki, mwaka 2020 alikuwa hana ajira na mwaka 2023 anayo, ingawa maisha yake ni yale yale.

Ni rahisi kusema hapa kwamba takwimu zimepikwa. Ugumu wa tuhuma hiyo ni kwamba njia mpya ndiyo inayofuatwa na sehemu kubwa ya dunia, na ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ngeni. Tena ripoti iliyotoa asilimia 4.1 haikuficha kitu. Ukisoma kurasa zake utakuta kuwa ni asilimia 11.8 tu ya waliokuwa na kazi waliokuwa wameajiriwa kwa mshahara, na kwamba asilimia 92.6 ya ajira zote zilikuwa zisizo rasmi. Serikali ikitaka kujisifu itachukua namba ya kwanza. Upinzani ukitaka kushambulia utachukua hizi mbili. Wote watakuwa wamesoma ripoti moja na hakuna aliyesema uongo.

Hivyo ndivyo ulivyo ugomvi mwingi wa kisiasa kuhusu ajira. Mara chache huwa namba moja ni ya kweli na nyingine ya kubuni. Mara nyingi ni namba mbili za kweli zinazojibu maswali mawili, na kila upande unajifanya swali ni moja.

Saa moja

Kipimo kinachotumika karibu kila mahali kilipitishwa mwaka 1982 na mkutano wa wanatakwimu wa kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), kikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2013. Kwa kipimo hicho, asiye na ajira ni mtu anayetimiza masharti matatu kwa pamoja. Hakufanya kazi ya kipato hata kwa saa moja katika wiki anayoulizwa. Alitafuta kazi kwa vitendo katika wiki chache zilizopita, kwa kawaida nne. Na yuko tayari kuanza mara moja ikipatikana. Sharti moja likikosekana, anatoka kwenye hesabu: ama anahamia kwa wenye ajira, ama anawekwa nje ya nguvukazi kabisa, pamoja na wanafunzi, wastaafu, wagonjwa na wanaolea watoto nyumbani.

Sharti la saa moja ndilo linalochekwa kuliko yote, na nakubali kwamba mtu akilisikia kwa mara ya kwanza hudhani limetungwa na waziri aliyebanwa. Lakini lina sababu yake. Wanatakwimu walitaka kila kazi inayochangia pato la taifa ionekane, hata ya kibarua wa siku moja, ili jumla ya kazi iliyofanyika nchini iweze kulinganishwa na jumla ya mali iliyozalishwa. Kwa shughuli hiyo saa moja inatosha. Kasoro huanza pale kipimo hicho kinapopandishwa jukwaani kujibu swali jingine kabisa, ambalo ndilo la mwananchi: je, watu wanaweza kuishi kwa kazi wanazofanya? Hakikuundwa kwa ajili hiyo, na wenyewe waliokiunda hawajawahi kudai hivyo.

Kuna mtego mwingine ambao haupigiwi kelele sana, nao uko kwenye kigawanyo. Kiwango cha ukosefu wa ajira hakigawanywi kwa watu wazima wote, bali kwa nguvukazi peke yake: wenye kazi ukijumlisha na wanaoitafuta. Chukua watu wazima 100. Sitini wana kazi, 10 wanatafuta, 30 wako nje. Kiwango ni 10 kwa 70, sawa na asilimia 14. Sasa watafutaji watano wakate tamaa, waache kuzungusha barua za maombi. Wanaotafuta wamebaki watano na nguvukazi imeshuka hadi 65, kwa hiyo kiwango kinaanguka hadi chini ya asilimia 8. Hakuna ajira hata moja iliyoongezeka, lakini serikali ina habari njema ya kutangaza.

Igeuze, ukianzia tena kwa wale 100 wa mwanzo. Uchumi umeanza kuchangamka, na watu sita waliokuwa wamekaa pembeni wakasikia kazi zinatoka, wakaingia kutafuta. Sasa ni 16 kwa 76, asilimia 21. Upinzani utaitisha mkutano na waandishi siku hiyo hiyo. Hapa ndipo mtu anapopaswa kuomba namba ya tatu, ambayo wanasiasa huitaja kwa nadra: uwiano wa wenye ajira kwa watu wazima wote. Katika mifano yote miwili uwiano huo haukusogea. Ulikuwa 60 kwa 100, na ukabaki hapo hapo.

Waliokata tamaa

Afrika Kusini inachapisha vipimo viwili kwa pamoja kila robo ya mwaka. Kipimo rasmi kinafuata masharti ya kutafuta kazi. Kilichopanuliwa kinawajumuisha pia wanaotaka kazi lakini wameacha kuitafuta. Katika robo ya pili ya mwaka 2025, cha kwanza kilisema asilimia 33.2 na cha pili asilimia 42.9. Tofauti hiyo ya karibu pointi kumi ni mamilioni ya watu ambao, kwa kipimo cha kwanza, si wenye kazi wala si wasio na kazi.

Nchi hiyo ina ugomvi unaokwenda kinyume na ule wa Nigeria. Mwaka 2025, Gerrie Fourie, aliyekuwa akiongoza benki ya Capitec, alidai kwamba kiwango halisi huenda ni kama asilimia 10 tu, kwa sababu takwimu haziwaoni watu wanaojishughulisha katika biashara ndogondogo mitaani. Ofisi ya takwimu ikamjibu kwamba inawaona. Utafiti wake unawahoji watu majumbani mwao na kuuliza kuhusu kazi yoyote ya kipato, iwe imesajiliwa au la, na saa moja inatosha kumwingiza mtu kwenye safu ya wenye ajira. Majibu hayo yana uzito. Mtu anaweza kuhoji kama wanaohojiwa husema ukweli wote kuhusu vipato vyao, na hilo ni swali halali. Lakini kusema sekta isiyo rasmi imesahauliwa ni kutojua dodoso linauliza nini.

Ziweke nchi hizo mbili pamoja na utaona kiini cha jambo lenyewe. Wanigeria hawaamini namba kwa sababu ni ndogo mno, na baadhi ya Waafrika Kusini hawaiamini ya kwao kwa sababu ni kubwa mno. Kote kuwili kinachosumbua ni kimoja: kazi isiyo rasmi, na kama inastahili kuitwa ajira.

Binafsi naona katika nchi maskini kiwango cha ukosefu wa ajira ni kipimo dhaifu mno kubebeshwa siasa nzima ya uchumi. Angalia makadirio ya kimataifa: Qatar na Niger, zote mbili, hukadiriwa kuwa na kiwango kilicho chini ya asilimia 1. Ya kwanza ni miongoni mwa nchi tajiri kuliko zote duniani na ya pili ni miongoni mwa maskini kuliko zote. Qatar sehemu kubwa ya wafanyakazi ni wageni walioingia kwa mkataba wa kazi, na kazi ikiisha huondoka. Niger hakuna posho ya wasio na ajira, na asiye na akiba hawezi kukaa akisubiri kazi inayolingana na elimu yake. Atalima, atachunga, atachuuza, atafanya lolote. Kukosa kazi kabisa kunahitaji mtu wa kukulisha. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Afrika wanaoonekana kwa wingi kwenye safu ya wasio na ajira ni vijana wa mijini waliosoma, ambao familia zao zinaweza kuwabeba kwa muda. Wenye hali mbaya zaidi yao wameandikwa kuwa wana kazi.

Marekebisho ya mwaka 2013 yameleta jambo ambalo bado halijaeleweka vizuri hata bungeni. Zamani, mtu aliyelima hasa kwa chakula cha kaya yake alihesabiwa kuwa ana ajira. Kwa utaratibu mpya anafanya kazi, ndiyo, lakini haiitwi ajira, kwa sababu ajira sasa ni kazi ya kupata malipo au faida. Mkulima huyo akiwa pia anatafuta kibarua, anahamia kwa wasio na ajira. Asipotafuta, anatoka nje ya nguvukazi. Wengi wanaoguswa ni wanawake wa vijijini. Nchi ikipokea utaratibu huu, takwimu zake zinaweza kuonyesha mamilioni ya ajira yametoweka kati ya utafiti mmoja na unaofuata, wakati mashamba yanalimwa kama kawaida. Ofisi makini huchapisha hesabu zote mbili, ya zamani na mpya, kwa mwaka ule wa mabadiliko. Isipofanya hivyo, atakayeshika kipaza sauti kwanza ndiye atakayeamua namba ile inamaanisha nini.

Pale sheria inapobadili hesabu

Hadi hapa nimewatetea wanatakwimu. Uingereza ya miaka ya 1980 inanilazimisha nipunguze.

Mwaka 1978 chama cha Conservative kilibandika bango lenye picha ya foleni ndefu ya watu nje ya ofisi ya wasio na ajira, likiwa na maandishi kwamba chama tawala cha Labour hakifanyi kazi. Watu waliokuwa kwenye picha hawakuwa wasio na ajira. Walikuwa vijana wa Conservative kutoka Hendon, wachache kuliko waliohitajika, wakapigwa picha kwa mafungu na picha zikaunganishwa. Wakati huo Waingereza wasio na kazi walikuwa kama milioni moja na nusu. Margaret Thatcher akashinda uchaguzi wa Mei 1979, akabana fedha ili kuua mfumuko wa bei, na mwaka 1982 idadi ikavuka milioni tatu.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kukumbukwa. Hesabu iliyotangazwa kila mwezi haikutokana na utafiti wa kaya bali na orodha za ofisi za serikali. Kuanzia Oktoba 1982 waliohesabiwa ni wale tu waliokuwa wakidai posho. Mwaka 1983 wanaume wengi wenye umri wa miaka 60 na zaidi hawakulazimika tena kujiandikisha, wakatoka kwenye orodha. Baadaye masharti ya posho kwa vijana na wengineo yakakazwa mara kwa mara. Wakosoaji walihesabu mabadiliko kama 30 katika utawala wa Conservative, na karibu yote yaliisukuma idadi upande mmoja: chini.

Hakuna karani aliyefuta namba usiku. Kila badiliko lilikuwa na maelezo yake, na mengine yalikuwa na mantiki ya kiutawala. Lakini serikali inayoamua nani alipwe posho ilikuwa, kwa uamuzi huo huo, inaamua nani aonekane hana kazi. Ndiyo sababu leo namba inayoaminika zaidi kimataifa ni ile inayotokana na kuhoji kaya na sio kuhesabu majina kwenye daftari la serikali. Msomaji akiona takwimu ya ajira, jambo la mwanzo kuuliza ni hilo: imetoka kwenye dodoso au kwenye daftari?

Anayehesabu

Dodoso nalo lina udhaifu wake. Nchini Marekani kiwango cha ukosefu wa ajira hutokana na utafiti wa kaya kama 60,000 kila mwezi, wakati idadi ya ajira zilizoongezeka hutokana na utafiti mwingine unaouliza waajiri. Ni tafiti mbili tofauti na mara nyingine hupishana, moja ikisema ajira zimepanda na nyingine zimeshuka. Mwanasiasa mwerevu huchagua ya kwake.

Zaidi ya hapo, watu wamechoka kuhojiwa. Uingereza, kiwango cha walioitikia utafiti wa nguvukazi kiliporomoka hadi asilimia 17.3 mwaka 2023, na Oktoba mwaka huo ofisi ya takwimu ikasitisha kwa muda kuchapisha namba zilizotokana nao. Benki kuu ilikuwa inapanga riba huku ikiwa haioni vizuri hali ya ajira. Hili halikusababishwa na njama yoyote. Watu hawafungui mlango wala hawapokei simu.

Makosa ya kuhoji pia hutokea, na namna ofisi inavyoyashughulikia hueleza mengi kuihusu. Aprili 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga uchumi, Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitangaza asilimia 14.7. Katika ripoti hiyo hiyo idara ikaeleza kwamba wadadisi wengi waliwaandika watu waliosimamishwa kazi kana kwamba wana kazi ila hawakufika kwa sababu nyingine, na kwamba bila kosa hilo kiwango kingekuwa juu kwa karibu pointi 5 za asilimia. Kwa nini basi hawakurekebisha? Kwa sababu kanuni yao inakataza ofisi kubadilisha majibu yaliyorekodiwa kwa kukisia. Mwezi uliofuata kiwango kikatangazwa kuwa asilimia 13.3 wakati wachambuzi wengi walitarajia karibu 20. Rais Donald Trump akashangilia, na baadhi ya wapinzani wake wakashuku kwamba namba imechezewa. Kosa lilikuwepo bado, limeandikwa wazi kwenye ripoti, na lilikuwa limepungua kuliko Aprili. Kushuka kulikuwa kwa kweli.

Marekebisho ndiyo yanayozua ghasia kubwa kuliko yote. Waajiri wengine huchelewa kujibu, kwa hiyo idadi ya ajira ya mwezi mmoja hutolewa kwanza kwa majibu yaliyofika, kisha husahihishwa miezi miwili inayofuata, na mara moja kwa mwaka hulinganishwa na kumbukumbu kamili za bima ya wasio na ajira. Agosti 2024, chini ya Joe Biden, makadirio ya awali ya ulinganisho huo yalipunguza ajira 818,000, na Trump akadai utawala ulikuwa ukiwadanganya wananchi. Agosti 1, 2025, chini ya Trump mwenyewe, masahihisho ya Mei na Juni yaliondoa ajira 258,000. Siku hiyo hiyo akamfukuza kamishna wa idara, Erika McEntarfer, akidai bila kutoa ushahidi kwamba namba zimechezewa ili kumchafua. McEntarfer alikuwa ameidhinishwa na Seneti mwaka 2024 kwa kura 86 dhidi ya 8.

Idara inayotuhumiwa na mtu yule yule kwa kumpendelea adui yake, kisha kwa kumwonea yeye, pengine haimpendelei yeyote. Na marekebisho, ambayo jukwaani huitwa ushahidi wa udanganyifu, kwa kawaida ni dalili ya kinyume chake: ofisi iliyotaka kudanganya isingejisahihisha hadharani. Takwimu za kuogopwa ni zile zisizorekebishwa kamwe.

Trump si wa kwanza. Mwaka 1971 Richard Nixon, akiamini kwamba maofisa wa idara hiyo hiyo wanamhujumu kwa namna wanavyoeleza takwimu za ajira, aliagiza ihesabiwe ni wangapi kati yao ni Wayahudi, na baadhi wakahamishwa. Tanzania ilichukua njia ya sheria: marekebisho ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopotosha au kutilia shaka zile rasmi. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake, na mwaka 2019 vifungu hivyo vikalegezwa. Nia ya sheria ya namna hiyo huelezwa kuwa ni kulinda imani kwa takwimu za taifa. Mimi naona hufanya kazi tofauti: namba isiyoruhusiwa kubishiwa haiwezi tena kumshawishi mtu ambaye hakuwa ameshawishika.

Sifa ni za nani?

Tuseme sasa namba imekubaliwa na wote. Ugomvi unahamia kwenye sera, na huko mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna anayeweza kuuona mwaka ule ule ukipita bila sera ile.

Januari 2009 wachumi wawili wa Barack Obama, Christina Romer na Jared Bernstein, walitoa makadirio yenye mchoro: serikali ikimwaga fedha kwenye uchumi, ukosefu wa ajira utafika kama asilimia 8 kisha ushuke, isipofanya hivyo, utafika kama 9. Sheria ya dola bilioni 787 ikapitishwa Februari. Oktoba mwaka huo kiwango kikawa asilimia 10. Kilikuwa kibaya kuliko hata mstari wa kutofanya lolote, na chama cha Republican kilibeba mchoro huo kila mahali. Utetezi ulikuja baadaye, nao haukuwa wa mdomo mtupu: takwimu za kwanza zilisema uchumi ulikuwa umesinyaa kwa asilimia 3.8 kwa mwaka katika robo ya mwisho ya 2008, lakini marekebisho ya baadaye yaliipandisha namba hiyo hadi zaidi ya 8. Makadirio yalianzia kwenye shimo ambalo kina chake hakikuwa kimejulikana. Je, hilo linathibitisha kwamba mpango ulifanikiwa? Hapana. Linathibitisha tu kwamba mchoro ule haukuthibitisha kwamba ulishindwa.

Waliopenda kubana matumizi ya serikali nao waliumbuka, Ugiriki. Mpango wa mwaka 2010 wa kuiokoa nchi hiyo na madeni, kwa sharti la kukata bajeti, ulitarajia ukosefu wa ajira ufike asilimia 15 mwaka 2012. Ulifika 25. Mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilichapisha tathmini yake lenyewe ikikiri tofauti hiyo, na wachumi wake wakaonyesha kwamba katika nchi za Ulaya zilizokata bajeti, madhara ya kukata yalikuwa makubwa kuliko walivyokuwa wamekadiria. Ukikata mishahara na pensheni wakati kila mtu anakata, anayekosa mteja naye atapunguza wafanyakazi, na kodi inashuka pamoja nao.

Ahadi za ajira kwa idadi zina tatizo jepesi zaidi, ila husahaulika kirahisi. Waziri akisema ajira milioni moja zimetengenezwa, bado hajasema ngapi zimekufa, wala vijana wangapi wameingia sokoni. Benki ya Maendeleo ya Afrika imekuwa ikitaja kwamba kila mwaka vijana milioni 10 hadi 12 barani huingia kwenye nguvukazi, wakati ajira rasmi zinazopatikana ni kama milioni 3. Kwa hesabu hiyo nchi inaweza kuvunja rekodi yake ya ajira kila mwaka huku hali ya vijana wake ikizidi kuwa mbaya.

Halafu kuna suala la muda. Sera ya kodi au riba huchukua miezi, wakati mwingine miaka, kufika kwa mwajiri. Mchoro wa ukosefu wa ajira Marekani kati ya 2010 na mapema 2020 ni mteremko mmoja usiokatika, na mtu asiyeambiwa tarehe hawezi kuonyesha ni wapi rais alibadilika. Trump akiwa mgombea aliziita namba hizo za uongo. Machi 2017, kiwango kilipotangazwa kuwa asilimia 4.7, msemaji wake Sean Spicer alimnukuu akisema kwamba huenda zamani zilikuwa za uongo, ila sasa ni za kweli kabisa. Desemba 2016, mwezi wa mwisho kamili wa Obama, kiwango kilikuwa pia asilimia 4.7.

Wachumi wanaotaka kujua zaidi ya hapo huachana na mchoro wa taifa na kutafuta maeneo mawili yanayofanana, moja likiwa limebadili sera na jingine halikubadili. David Card na Alan Krueger walifanya hivyo mwaka 1992, jimbo la New Jersey lilipopandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa na jirani yake Pennsylvania ikabaki ilipokuwa. Walihoji migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada, na katika makala yao ya 1994 wakasema hawakuona ajira zikipungua New Jersey. David Neumark na William Wascher wakakusanya kumbukumbu za malipo za migahawa, wakapata kwamba zilipungua. Card na Krueger wakarudi mwaka 2000 na takwimu za serikali zilizokusanywa kwa waajiri wote, wakasema matokeo yao ya mwanzo yamesimama. Card alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mabishano kuhusu kima cha chini bado yanaendelea, safari hii kuhusu kima kikubwa kiasi gani, kwa nani, na katika soko la namna gani.